Kupanga Filamu za Nyumbani kwa Alfabeti: Kanuni Kwanza, Rafu Baadaye

Swali huja kwa sura ileile kila mara: "Nina filamu kama mia mbili, nataka zikae A hadi Z, nianzie wapi?" Anayeuliza huwa ameshazimwaga zote sakafuni. Baada ya saa moja anarudi na mengine: The Matrix inakaa T au M? 300 inakaa wapi? Mbona Rambo ya kwanza haina neno Rambo? Nimejibu haya mara nyingi hadi nimeona heri niyaandike.

Alfabeti yenyewe haimsumbui mtu. Kinachosumbua ni majina ya filamu, maana walioyatunga hawakuwa na rafu yako akilini. Mara ya kwanza nilipopanga za kwangu nilifuata mgongo wa kasha kama ulivyoandikwa, bila kanuni yoyote. Rafu ya T ikafurika kabla sijamaliza nusu ya rundo, kwa sababu kila iliyoanza na "The" ilikimbilia huko. Nikahamisha, nikahamisha tena, mpaka usiku wa manane. Asubuhi mdogo wangu akaniuliza filamu moja iko wapi, nami niliyezipanga sikujua.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Filamu zote, pamoja na ile iliyobaki ndani ya deki. Zilizoazimwa ziandike kwenye karatasi, maana nazo zitahitaji nafasi.
- Kompyuta au simu yenye programu ya majedwali. Ukikosa, daftari na penseli. Si kalamu, utafuta sana.
- Utepe wa kupimia.
- Vipande vya manila vya kutenganishia herufi, virefu kuliko kasha kwa sentimita mbili hivi ili vichomoze.
- Kitambaa laini kisichotoa nyuzi.
- Siku ambayo hakuna mtu anayetaka kupita hapo sebuleni.

Hatua ya 1: Pima rafu

Kasha la kawaida la DVD lina unene wa milimita 14 hivi na urefu wa sentimita 19. Kwa hiyo mita moja ya rafu inaingiza takriban makasha 70 yakibanana. Wewe hesabu 55 au 60, kwa sababu mpangilio wa alfabeti unahitaji nafasi ya kupumua. Makasha ya Blu-ray ni mafupi kidogo, kama sentimita 17. Kanda za VHS ni nene, sentimita mbili na nusu hata bila ganda lake, na mita moja haifiki kanda 40.

Hapohapo amua: aina zote zichanganywe, au kila aina ikae peke yake? Mimi natenga kanda za VHS, nachanganya DVD na Blu-ray. Kutofautiana urefu kunaudhi macho kwa siku mbili tatu, kisha unazoea. Lakini kutafuta filamu moja mahali pawili kunaudhi kila siku.

Hatua ya 2: Fungua kila kasha

Usiruke hatua hii. Katika kila nyumba yenye filamu nyingi kuna makasha matupu na makasha yenye diski isiyo yake. Ukipanga makasha bila kuyafungua, umepanga mapambo tu. Diski ishike ukingoni na kwenye tundu la katikati. Ikiwa na vumbi, ifute kwa mistari iliyonyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe kitambaa.

Onyo: usibandike lebo ya karatasi juu ya diski eti ujue herufi yake. Diski huzunguka kwa kasi, na karatasi iliyokaa upande mmoja huifanya iyumbe. Ikibanduka ndani ya deki, una matatizo mawili. Lebo ni ya kasha.

Hatua ya 3: Andika kanuni zako

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua karatasi, uandike majibu ya maswali yafuatayo kabla hujagusa rafu. Nitakupa majibu yangu na sababu zake. Ukiwa na yako, sawa, mradi uyaandike na usiyabadilishe katikati ya kazi.

*Vijineno vya mwanzo.* "The", "A" na "An" ruka, anza na neno linalofuata. The Matrix inakaa M. Lugha nyingine nazo zina vyao: "Le", "La" na "Les" vya Kifaransa, "El" na "Los" vya Kihispania, "Der", "Die" na "Das" vya Kijerumani. Hapa wengi hujikwaa, kwa sababu neno lilelile si kijineno kila mahali. Die Hard (1988) inakaa D, maana hiyo "Die" ni kufa kwa Kiingereza. Die Brücke (1959) inakaa B, maana hiyo ni ya Kijerumani. La Haine (1995) nenda nayo H, lakini La La Land (2016) iache L ilipo. Jiulize tu: neno hili nikilitoa, jina linabaki na maana yake?

*Majina ya Kiswahili.* Kiswahili hakina vijineno hivyo, kwa hiyo hakuna cha kuruka. Kuna kishawishi kingine hata hivyo, hasa kwa aliyesoma sarufi: kutafuta shina. Usifanye hivyo. Jina linaloanza na "Mtoto" linakaa M, linaloanza na "Watoto" linakaa W, hata kama ni mtoto yuleyule amepata wenzake. Jiandae tu kuona M ikinenepa. Kwa Kiingereza "The" ndiyo hujaza T ya mtu asiye na kanuni. Kwa Kiswahili M hujaa kihalali, kwa sababu nomino zetu nyingi huanzia hapo.

Ritifaa, yaani alama ya ' iliyo kwenye ng', iruke kama haipo. "Ngoma" inatangulia, "Ng'ombe" inafuata, kwa sababu ukiondoa ritifaa zinalingana mpaka herufi ya nne, kisha a inakuja kabla ya b. Vuta N'Kuvute (2021) isome kama ina neno "Nkuvute" tu. Vivyo hivyo alama za juu ya herufi za lugha nyingine: é ni e, ü ni u.

*Nafasi kati ya maneno.* Una Stardust, Star Trek na Star Wars. Ipi inatangulia? Ukihesabu herufi mfululizo bila kujali nafasi, Stardust inatangulia, maana d iko kabla ya t na w. Ukihesabu neno kwa neno, Star Trek na Star Wars zinatangulia, Stardust inafuata. Chagua neno kwa neno. Kompyuta nayo kwa kawaida huhesabu nafasi kuwa iko kabla ya herufi yoyote, na hutaki orodha yako igombane na rafu yako.

Wapenzi wa filamu za Kihindi wataonja utamu wa kanuni hii. Una rundo linaloanza na neno "Kabhi". Peleka macho kwenye neno la pili: Kabhi Alvida Naa Kehna (2006), halafu Kabhi Kabhie (1976), halafu Kabhi Khushi Kabhie Gham (2001). Angalia pia tahajia, mara "Kabhi", mara "Kabhie". Fuata mgongo wa kasha, si masikio. Na hiyo ya mwisho watu huiita K3G. Usiipange kwa jina la utani, hata kama wewe na marafiki zako hamjawahi kulitamka refu lake.

*Namba.* Wapo wanaosema namba iandikwe kama inavyotamkwa. Itamkwe kwa lugha gani? 300 ikiwa "Three Hundred" inakaa T, ikiwa "Mia Tatu" inakaa M, na katika nyumba inayozungumza lugha mbili huo ni ugomvi wa kudumu. Weka majina yote yanayoanza na tarakimu kabla ya A, kwa ukubwa wa namba: 3 Idiots, 12 Angry Men, 300, 1917, 2001: A Space Odyssey. Namba iliyoandikwa kwa maneno ni neno kama maneno mengine, kwa hiyo Seven Samurai inakaa S. Na Se7en (1995), ile yenye 7 katikati ya jina, inakaa S pia. Isome kama haikufanyiwa mchezo.

*Mfululizo.* Hapa alfabeti inashindwa kabisa, kubali. Sehemu ya kwanza ya Rambo inaitwa First Blood (1982). Ya pili ni Rambo: First Blood Part II (1985), ya tatu Rambo III (1988), kisha ya nne ikaitwa Rambo tu (2008). Ukifuata herufi, ya kwanza inakwenda F peke yake, na ya nne inatangulia zote zilizobaki. Ocean's Eleven, Twelve na Thirteen zina shida hiyohiyo, maana kwa herufi Thirteen inakuja kabla ya Twelve. Mfululizo wa Fast & Furious sitaki hata kuuzungumzia: mmoja unaanza na "The Fast", mwingine na namba 2, mwingine Furious 7, mwingine F9.

Dawa ni hii: upe mfululizo jina moja, uweke mahali pamoja kwa herufi ya jina hilo, na ndani yake upange kwa mwaka wa kutoka. Si kwa mwaka wa hadithi. Star Wars ya 1977 ni sehemu ya nne ya hadithi, na sehemu ya kwanza ya hadithi ilitoka 1999. Ukianza kupanga kwa hadithi utajadiliana na kila mgeni. Mwaka wa kutoka hauna mjadala.

*Majina yanayofanana.* King Kong ziko za 1933, 1976 na 2005. Panga kwa mwaka, ya zamani kwanza.

*Filamu yenye majina mawili.* Ile ya kwanza ya Harry Potter (2001) kwa Uingereza ina "Philosopher's Stone", kwa Marekani "Sorcerer's Stone". Filamu za kigeni ndiyo usiseme. Tumia jina lililo kwenye mgongo wa kasha ulilonalo. Na jina la mtu lipangwe kama lilivyoandikwa: Harry Potter yuko H, hii si orodha ya wanafunzi.

Hatua ya 4: Tengeneza orodha yenye jina la kupangia

Fungua jedwali lenye safu nne: jina kamili, mwaka, aina (DVD, Blu-ray, VHS, faili), na jina la kupangia. Safu ya nne ndiyo siri ya mambo yote. Humo unaandika jina baada ya kulipitisha kwenye kanuni zako:

- The Matrix → Matrix
- First Blood → Rambo 1982
- Rambo III → Rambo 1988
- King Kong → King Kong 1976
- 3 Idiots → 0003 Idiots
- 300 → 0300

Hizo sufuri za mbele ni kwa sababu kompyuta ikisoma maandishi hulinganisha alama moja moja, na kwake "12" iko kabla ya "3". Ukijaza namba zote zifike tarakimu nne, tatizo linakwisha. Ila kabla ya kuandika lolote, ifanye safu hiyo nzima kuwa ya maandishi. Usipofanya hivyo, programu itadhani 0300 ni hesabu, itakula sufuri, na itapeleka 300 na 1917 juu ya orodha kabla ya 0003 Idiots.

Onyo kubwa: unapobofya kupanga, chagua jedwali lote, si safu moja. Ukipanga safu ya nne peke yake, majina ya kupangia yatahama na mengine yatabaki palepale, na King Kong atapewa mwaka wa filamu ya mtu mwingine. Ukiona hivyo, tendua papo hapo. Ukishahifadhi na kufunga, pole.

Hatua ya 5: Gawa mafungu

Sasa ndiyo ruhusa ya sakafu. Usijaribu kupanga mia mbili kwa mkupuo. Gawa kwanza mafungu makubwa matano: namba na A–D, E–K, L–P, Q–S, T–Z. Kisha chukua fungu moja, ligawe kwa herufi, na kila herufi ipange kwa kufuata orodha yako. Fungu moja likishaingia rafuni ndipo ufungue la pili. Ukikatizwa, na utakatizwa, una fungu moja tu lililo wazi.

Usipange makasha mnara. Yakilala juu ya mwenzake yanateleza, na yale ya chini yanavunjika vimeno vya katikati vinavyoshika diski.

Hatua ya 6: Weka rafuni

Anza juu kushoto, kwenda kulia, kisha shuka. Kama una kabati mbili, maliza moja hadi chini ndipo uanze ya pili. Mstari unaoruka kutoka kabati moja hadi nyingine hakuna mgeni atakayeuelewa. Makasha yasimame wima, mgongo nje, mbali na jua la dirishani.

Acha nafasi mwisho wa kila rafu, kama upana wa kiganja. Usiiache yote chini kabisa baada ya Z, ambako filamu mpya hazitui kamwe. Ukiijaza rafu ya B pomoni, siku utakayonunua filamu ya B utasukuma makasha hadi W. Panapojaa haraka ongeza kidogo: S kwa majina ya Kiingereza, M kwa ya Kiswahili. Q na X wape kipande kimoja cha manila, wakae pamoja.

Makasha ya seti, yale mapana yenye filamu tatu au nne ndani, yasimame kwenye jina la mfululizo. Kama ndani ya seti kuna filamu watu wanaitafuta kwa jina lake, weka kipande cha manila kwenye herufi ya jina hilo: "First Blood: tazama Rambo". Ni kazi ya dakika moja, na inakuondolea kuitwa kutoka chumbani.

Hatua ya 7: Filamu zilizo kwenye kompyuta au flashi

Kila filamu ipe folda yenye jina na mwaka kwenye mabano, kwa mfano First Blood (1982). Programu za kuonyeshea filamu kama Kodi, Plex na Jellyfin hutambua filamu vizuri kwa mtindo huo, na ndani yake kuna sehemu ya kuandika jina la kupangia. Humo ndimo unapoandika Rambo 1982. Jina la folda liache kama lilivyo.

Kama unatazama kwa kuchomeka flashi moja kwa moja kwenye runinga, hakuna programu ya kukusaidia. Hapo folda yenyewe iitwe kwa jina la kupangia. Windows haikubali nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota wala mkwaju kwenye jina la faili, kwa hiyo Face/Off iandike Face Off.

Mambo yakigoma

*Flashi inaonyesha filamu ovyo ingawa majina ni sahihi.* Baadhi ya runinga na deki huonyesha faili kwa mpangilio zilivyonakiliwa. Hifadhi nakala, futa flashi, kisha nakili upya folda moja moja kuanzia ya kwanza.

*Orodha inaweka majina fulani juu kabisa bila sababu.* Kuna nafasi tupu mbele ya jina. Macho hayaioni, kompyuta inaiona. Ifute.

*Orodha na rafu hazipatani.* Umebadilisha kanuni katikati. Mara nyingi ni "The" au mfululizo. Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 3, rekebisha orodha kwanza, kisha rafu.

*Watu wa nyumbani wanarudisha popote.* Usiwape somo la alfabeti. Tenga kikapu au kona ya rafu ya "zilizotazamwa", waweke humo, wewe uzirudishe mara moja kwa wiki. Kila inapotoka filamu, kipande cha manila kikae kwenye pengo lake.

*Kuna diski zisizo na jina.* Hizo mara nyingi ni za kurekodi nyumbani: harusi, mahafali, mtoto akitambaa. Hazina herufi, zitenge kwenye rafu yake kwa mwaka, na uandike tukio kwenye kasha. Kabla ya kuandika iweke kwenye deki uitazame dakika mbili. Kuna kasha nililoliandika "Mahafali" kwa wino usiofutika, na ndani mna kipindi cha pili cha mechi ya mpira.